Nilivyofaulu kuisimulia safari ya Mahinda

Mara ya kwanza nilishindwa kabisa. Wenzangu wa kikundi cha kusoma walitaka kujua Ubuddha ulitokaje India, nami nikaanza na majina: Mfalme Ashoka, karne ya 3 kabla ya Kristo, mkutano wa watawa mjini Pataliputra, Moggaliputta Tissa akiwatuma wenzake Kashmir, Himalaya, Suvannabhumi. Kabla sijafika nusu, watu wakaanza kuaga.

Nyumbani nikasoma upya habari za Mahinda, mtawa anayesimuliwa kuwa mwana wa Ashoka, aliyetumwa Sri Lanka. Alimkuta Mfalme Devanampiya Tissa mlimani Mihintale, akiwinda. Hakuanza kwa kuhubiri. Alimtega mfalme kwa maswali, na mimi ninayetoka kwenye jamii ya vitendawili nilikuwa nimeliruka jambo hilo!

Wiki iliyofuata nikaonyesha nje ya dirisha.

“Mti ule unaitwaje?”

“Mwembe.”

“Ipo miembe mingine?”

“Tele.”

“Na miti isiyo miembe?”

“Tele vilevile.”

“Haya, ukiacha miembe hiyo mingine, ukaacha na miti yote isiyo miembe, kuna mti gani tena?”

Kimya. Kisha binti mmoja aliyekaa nyuma akasema, “Si uleule mwembe!”

Ndivyo alivyojibu mfalme. Mahinda akatambua kwamba huyu ana akili ya kufuata hoja, ndipo akamfundisha. Baadaye dada yake Mahinda, Sanghamitta, akaleta tawi la mti ambao Buddha alikaa chini yake alipopata mwangaza. Mti wa Anuradhapura, huko huko Sri Lanka, unaotunzwa hadi leo unahesabiwa kuwa ndio huo.

Mzee mmoja akauliza: masimulizi hayohayo yanasema Mahinda alikuja akipaa angani, sasa tuamini lipi? Swali hilo nililifurahia mno. Sikutetea kupaa. Nikampeleka kwa maneno hadi Sanchi, katikati ya India, ambako mwaka 1851 mwanaakiolojia Mwingereza Alexander Cunningham na mwenzake walifukua vikasha vya mawe vyenye mabaki ya watawa, majina yao yamechongwa. Kimoja kina jina la Majjhima, yuleyule ambaye masimulizi ya Sri Lanka, yaliyoandikwa karne nyingi baada yake, yanasema alitumwa Himalaya. Na mtawa mwingine, Kassapagotta, anaitwa hapo mwalimu wa nchi yote ya Himalaya.

Mzee akatoa kalamu. Akaniomba nimtajie Majjhima tena, herufi moja moja.