Ng'ombe wawili Hyrax Hill

"Wako wamekuja kucheza?"

Tangu Jumamosi swali hili halijanitoka. Aliyeuliza ni mama mmoja tuliyekutana naye Hyrax Hill, makumbusho ya mambo ya kale hapa Nakuru, mpole kabisa, mwanawe ameshika daftari ananakili maandishi ya makumbusho. Nikamjibu, "Ndiyo dada, wamekuja kucheza." Akatabasamu, akamgeukia kijana: "Haya, andika vizuri, nyumbani nitakuuliza."

Hakunitukana. Wala sauti hakupandisha. Lakini wiki nzima, ambayo Baba Neema alipata barua ya uhamisho kwenda Kitale na Shosho akaruhusiwa kutoka hospitalini, mimi nikishika sufuria namsikia huyo mama tu. Wako wamekuja kucheza?

Ndiyo! Neema ana miaka saba, Baraka minne. Nikiwaambia mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba hapa mwaka wa 1937, wataitikia "sawa Mama" na kuuliza kama chapati tulizobeba bado ziko. Kwa hiyo tulipoingia nilimpa kila mmoja kazi: atafute kitu ambacho jikoni kwetu kina ndugu yake. Neema aliganda mbele ya bakuli la jiwe. Alilisogelea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, kisha akauliza, "Mama, hili likianguka, linavunjika au linavunja mguu?" Huyo tayari alikuwa amelibeba kichwani, akasikia uzito wake.

Nje kuna yale mashimo ya Sirikwa, wafugaji wa kale, yaani mazizi ya zamani yaliyozama ardhini. Tulisimama kando, kwenye nyasi, nikawaambia: nyinyi ng'ombe, mimi mwenye boma, giza linaingia. Wakashuka kwa magoti na mikono wakilia mooo, wakabanana kwenye mlango niliouonyesha kwa miguu yangu miwili. Baraka akakwama, dada yake akamsukuma kwa kichwa. Halafu Neema akainuka ghafla: "Mlango ni mdogo ili mwizi asitoe ng'ombe wote mara moja!" Sikuwa nimemwambia neno juu ya wezi. Na hapo hapo ndipo yule mama alipopita na swali lake.

Kwenye mwamba wenye bao lililochongwa, vile vishimo vyenye safu zake, Baraka alitaka kutia kokoto. Nilimkataza, haya ni ya kuangaliwa kwa macho. Alinuna mpaka tukapanda matatu.

Jana jioni nikasikia kelele nyuma ya ploti. Kumbe amechimba bao lake mwenyewe kwenye udongo karibu na kamba ya nguo, vishimo vimepinda, kimoja kikubwa kama bakuli la uji. Watoto wa majirani wote wamechutama na maharagwe (yangu, ya githeri ya leo). Mzee wa nyumba ya mwisho, ambaye huwa anapita na salamu tu, alikuwa ameketi juu ya mtungi anawaonyesha namna ya kugawa moja moja mpaka mkono uishe. "Sisi tulicheza tukichunga," akamwambia Baraka. "Ukikawia kuhesabu, mbuzi wako shambani kwa watu."

Nilisimama pale na beseni la nguo mpaka mkono ukafa ganzi. Hasira zote kwa yule mama ziliniisha. Ninayemkumbuka sasa ni kijana wake. Kila alipoandika mstari aliinua macho kutazama ng'ombe wangu, na mooo ya pili alicheka kabla hajarudi kwenye daftari. Natamani wangerudi Jumamosi hii. Ningemwambia zizini kuna nafasi ya ndama.

Neema naye, wakati wa kupiga mswaki leo, nimeona jino la ukubwani linachipuka nyuma ya lile la mbele la utotoni, na hilo la utotoni nimelitingisha, limekaa imara kabisa. Kuna mwenye mtoto aliyeota hivi? Ling'olewe, au lingoje lenyewe?