Masaa matatu Jeevanjee na shosho

Wiki iliyopita nilimpeleka shosho tao kuchukua miwani, kufika tukaambiwa haijakuwa tayari turudi saa nane, na hiyo ilikuwa saa tano. Sasa na mtu wa miaka 78 anaumwa na magoti utaenda naye wapi masaa matatu? Hotelini ukimaliza chai tu weita anaanza kukuzungukia. Nikasema twende Jeevanjee, ile bustani ya katikati ya Nairobi.

Tukaingilia upande wa Moi Avenue, makanga bado wanapiga kelele huko nyuma, na mbele yetu jakaranda imemwaga maua mpaka nyasi imegeuka zambarau, halafu bogenvilia nyekundu ile kali ya kuumiza macho. Shosho akasimama kabisa. Akaniambia, "Mami, hapa ndio tulikuwa tunakulia lanchi." Kumbe miaka ya sabini alikuwa anashona nguo Biashara Street, na saa saba yeye na wenzake walikuwa wanakuja hapa na githeri kwa kopo. Miaka yote nimekuwa naye sijawahi sikia hiyo stori!

Tukapata benchi kwa kivuli. Pembeni vijana wamelala, mhubiri ana spika yake anatokwa na jasho, wazee wanabishana siasa kama kawaida ya Jeevanjee. Shosho akauliza huyu Jeevanjee mwenyewe alikuwa nani, juu wao walikuwa wanasema tu jina.

Nikamwambia ni Mhindi alizaliwa Karachi, Alibhai Mulla Jeevanjee, alileta wafanyakazi wa kujenga reli, na gazeti la Standard yeye ndiye alianzisha Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Hii bustani akawapa watu wa Nairobi 1906, wakati mji wenyewe ulikuwa mchanga sana. Akaweka na sanamu ya Malkia Victoria, hiyo shosho anaikumbuka vizuri, nikamwambia ilivunjwa 2015 akanyamaza kidogo.

Lakini kitu kilimgusa sana ni hii ya 1991. Kulikuwa na mpango wa kuchukua hapa wajenge maduka na pakingi ya magari, na mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, akasimama akapigana pamoja na watu wengine mpaka ikashindikana. Shosho akashika mkono wangu akasema, "Mjukuu? Huyo alilelewa." Mimi huwa naifikiria sana hiyo vita, kwa sababu angalia tu hapa katikati ya tao, ni wapi kwingine mtu hana hata shilingi kumi anaweza kaa kwa kivuli siku nzima na hakuna mtu anamuuliza anangoja nani? Yule kijana amelala pale na bahasha ya vyeti chini ya kichwa ametembea kutafuta kazi tangu asubuhi, mkijenga maduka ataenda wapi. Nyasi imekanyagwa sana upande ule wa mhubiri na inaniuma, ingefaa itunzwe zaidi, lakini ni bora iishe kwa kukaliwa na watu kuliko kumwagiwa simiti.

Saa nane tukarudi, miwani bado. Tumeambiwa Ijumaa. Shosho hakukasirika hata kidogo, jana jioni amenipigia simu kuniambia ameshaloweka maharagwe na mahindi na nisisahau kubeba vijiko viwili.