Melnik ya mchanga, Melnik ya barafu

Jana nimezunguka Melnik, mji mdogo kuliko yote Bulgaria, chini ya milima ya Pirin. Nyumba nyeupe zimebanana bondeni, na nyuma yake inasimama minara ya mchanga iliyochongwa na mvua. Ukiigusa, chembe zinabaki kiganjani. Nimeshuka pia kwenye pishi la mvinyo la nyumba ya Kordopulov, ya mwaka 1754, lililochimbwa ndani kabisa ya mlima. Ubaridi wake mtamu!

Usiku, kwenye ramani ya Antaktika, nikakuta Melnik nyingine: safu ya vilele vya barafu kisiwani Livingston, ambako Wabulgaria wana kituo cha utafiti tangu 1988. Wameipa jina la mji huuhuu. Nimefurahi kweli kuona wameukumbuka.