Dubu ndo aliniambia mwanangu anaumwa wapi

Mwanangu wa miaka 3 alifanyiwa upasuaji wa ngiri kwa kamera, vitundu vitatu tu, jioni tukaruhusiwa. Kila mtu ananiambia aah hiyo ndogo, hata haumii, na mama mmoja akasema usimpe madawa mengi atazoea, mwache alie kidogo atalala. Jamani hiyo kauli tuiache, panadol haimfanyi mtoto awe teja!

Nami nikaingia mkenge. Jioni alikuwa anacheza, kumbe ile ganzi waliyomchoma kwenye vidonda ilikuwa haijaisha. Saa 4 usiku dozi imefika, nikamuona kalala fofofo nikasema nisimsumbue. Saa 9 kaamka anapiga kelele, miguu kaikunja, hashikiki, dawa anaitema, na hata ilipoingia ilichukua muda mpaka imtulize, nikawa nazunguka naye sebuleni huku nami machozi yananitoka.

Kila nikimuuliza unaumwa wapi, tumbo. Asubuhi nikachukua dubu wake nikambandika plasta tatu palepale alipobandikwa yeye, nikauliza, dubu anaumwa wapi? Plasta hakugusa hata moja, kidole kikaenda begani. Bega! Nikapiga simu wodini mbio. Nesi akanielewesha vizuri: wakati wa upasuaji tumbo hujazwa gesi ili kamera ione, ikibaki kidogo inasumbua ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na neva yake inatokea shingoni, ndo maana bega linauma. Siku mbili tatu inaisha, mtembezetembeze.

Kuanzia hapo alamu. Paracetamol (ndo hiyo panadol) kila baada ya saa 6, kalala hajalala, isizidi mara 4 kwa siku. Dokta alituandikia miligramu 15 kwa kilo, ana kilo 14 kwa hiyo miligramu 210 kila dozi, napima kwa bomba la kunyweshea dawa sio kijiko cha chai. Ibuprofen, dawa nyingine ya maumivu, alituruhusu pia, anapewa akishakula. Angalieni na dawa za mafua, nyingi zina paracetamol humohumo ukachanganya umezidisha, na aspirini au kodeini kwa mtoto mdogo hapana. Bomba pitisha pembeni ya shavu, kidogo kidogo, dubu akianza yeye kunywa.

Homa, kutapika kusikoisha, tumbo kuvimba au maumivu kuzidi badala ya kupungua, hapo msisubiri alamu, rudini hospitali.

Siku ya tatu nimeamka nikakuta kambandua dubu plasta zote, anasema kapona.