Likizo ya mama niliyoiandaa mara tatu

Kikoba chetu cha Tabata kilivunjwa Desemba 2019, na mgao wangu niliuweka pembeni kwa kazi moja: kumpeleka mama likizo nje ya nchi. Mama alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mitatu, na katika maisha yake alivuka mpaka mara moja tu, alipokwenda Hija mwaka 2014. Nilitaka asafiri akiwa hana ibada ya kuwahi, hana mgonjwa wa kumuuguza, hana daftari la kusahihisha. Akae tu, alale akitaka, ale asichopika yeye.

Majirani hawakunielewa. Hapa Dar ukisema unakwenda Dubai, swali la kwanza ni "Unafuata mzigo gani?" Nilichoka kueleza kwamba sifuati kitu. Nilichagua Dubai kwa sababu ndege inatoka hapa moja kwa moja, chakula cha halali hakitafutwi, na mwaka ule wa 2020 kulitarajiwa kufunguliwa maonyesho makubwa ya Expo mwezi wa Oktoba. Mwanangu alikuwa na miaka saba, naye alishaambiwa.

Kisha korona ikaingia. Expo yenyewe ikasogezwa mwaka mzima, hadi tarehe 1 Oktoba 2021. Kwetu ndege za abiria za kimataifa zilisitishwa tarehe 12 Aprili 2020, na zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei. Siku ile ya Mei nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa geti, nikampigia mama simu nikiwa kazini. Nilikuwa sijaelewa jambo ambalo limenigharimu baadaye: mlango wa safari una komeo mbili, moja yako na moja ya mwenye nyumba unayemwendea. Ya kwetu ilikuwa wazi kiasi kwamba mwisho wa mwaka ule fukwe za Zanzibar zilijaa Warusi, huku sisi wenye nchi tukifungiwa nje na mataifa mengine. Januari 2021 Uingereza ilituweka kwenye marufuku ya kuingia kwao, katika orodha iliyokuja kuitwa nyekundu. Shoga yangu aliyepanga kwenda kumwona dada yake London alikuta kwamba hata wale walioruhusiwa kurudi kule kutoka nchi za orodha ile wanalazimika kukaa karantini katika hoteli ya serikali, pauni 1,750 kwa mtu mzima, na kuanzia Agosti ikapanda hadi 2,285. Hiyo ni hela ya kujengea msingi wa nyumba Chanika.

Machi 2021 tukamzika baba mdogo. Wakati ule watu walisema "changamoto ya upumuaji" badala ya kuitaja korona, na sisi tulisema hivyo hivyo msibani. Alikuwa anaumwa siku nne tu. Baada ya pale sikuizungumzia Dubai nyumbani kwa miezi. Niliisikia pumzi ya mama usiku kupitia ukuta, nikawa naihesabu. Mama ana presha, na umri wake ulishapita sitini.

Kwa hiyo tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia alipochanjwa hadharani pale Ikulu ya Dar es Salaam kufungua kampeni ya chanjo, mimi nilikuwa mbele ya televisheni na moyo umenidunda. Zilikuwa zimeingia dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson, msaada wa Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo. Sindano moja, umemaliza. Waliotangulizwa ni wahudumu wa afya, wenye miaka 50 na kuendelea, na wenye maradhi sugu. Baadaye wakaruhusiwa wote waliotimiza miaka 18. Mama alikuwa anaingia katika makundi mawili. Akakataa.

Sitamlaumu. Simu yake ilikuwa inaletewa sauti na video kila asubuhi: mara ukichanjwa unabakiwa na miaka miwili, mara sumaku inanata mkononi. Na mwaka mzima kabla ya hapo watu walikuwa wanaambiwa wajifukize, chanjo haifai. Mtu hawezi kugeuka ndani ya wiki moja kwa sababu televisheni imegeuka. Nilijaribu kumsomea maelezo, akaniambia, "Mwanangu, mimi nimefundisha watu kusoma. Usinisomee."

Kilichomgeuza sikukipanga. Tulikuwa tunatafuta pasipoti yake, maana ile aliyoendea Hija ilikuwa ya zamani na nchi ilishahamia ya kielektroniki tangu 2018. Akaleta mkoba mdogo wa kitambaa, ule wanaopewa mahujaji kuvaa shingoni. Ndani mlikuwa na pasipoti, tasbihi, na kadi ya njano imekunjwa mara mbili. Akaifungua. Chanjo ya homa ya manjano, mhuri, tarehe, sahihi ya mganga. Mstari wa chini yake ilikuwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo Saudi Arabia humtaka kila hujaji awe nayo. Alikaa nayo mkononi muda mrefu, kidole chake kikipita juu ya mhuri, kama alivyokuwa akipitia mistari ya daftari la mtoto.

"Hizi nilichoma siku mbili mfululizo," akasema. "Sikumuuliza mtu."

Nikanyamaza. Baada ya kitambo akaniuliza, "Na wewe utachoma?"

Nikamwambia tutakwenda pamoja, yeye atangulie au mimi nitangulie, atakavyo.

Tulikwenda Septemba, asubuhi na mapema ili kukwepa foleni, na foleni haikuwepo. Benchi lilikuwa na watu sita. Muuguzi alimwamkia mama, akamuuliza kuhusu presha, akampima kwanza, akamweleza kwamba anaweza kupata homa na maumivu ya mkono. Mama alichomwa akiwa anaangalia sindano yenyewe. Usiku homa ilimpata kidogo, mimi ikanilaza siku nzima. Niseme wazi hapa: hata kama Dubai isingekuwepo, ningempeleka. Ile sindano ilikuwa ya kifua cha mama kabla ya kuwa ya pasipoti yake. Watu waliochanjwa kwa ajili ya safari tu nimewaona wakijuta safari zilipovunjika, wakiona wamechomwa bure. Hawakuchomwa bure.

Oktoba mambo yalionekana kunyooka. Expo ilifunguliwa. Tarehe 11 Oktoba Uingereza ilitutoa kwenye orodha nyekundu, shoga yangu akanipigia akilia. Nikaenda kwa wakala wa tiketi mjini, mitaa ya Samora, kutafuta tarehe za mwisho wa Desemba shule zikiwa zimefungwa. Wakala akanipa bei mbili. Moja rahisi, isiyobadilishwa tarehe wala kurudishwa. Nyingine imezidi kwa laki mbili na ushee kwa kila mtu, lakini unaweza kusogeza safari. Alinishauri ile rahisi. "Dada, umeshachanja, wasiwasi wa nini?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye kivuli nikapiga hesabu upya. Watu watatu, zaidi ya laki sita. Ni hela nyingi kwangu. Lakini ndani ya miezi ishirini nilishaona nchi zikifunga na kufungua kwa tangazo la usiku, na chanjo yangu haikuwa na uwezo wa kumzuia waziri wa nchi nyingine asiamke na wasiwasi. Nikarudi ndani nikalipia ile ghali. Hoteli nayo nikachagua inayokubali kufuta bila faini hadi siku mbili kabla. Katika mambo yote niliyoyafanya kwa ajili ya safari hii, dakika zile kumi za kivulini ndizo zilizoniokoa.

Viza sikuweza kuzifanyia hivyo. Viza ya utalii ya Dubai ikishatoka unapewa siku 60 za kuingia, na hela hairudi. Zilitoka mwanzoni mwa Desemba.

Tarehe 26 Novemba Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaipa aina mpya ya kirusi cha korona jina la Omicron, na nchi za kusini mwa Afrika zikaanza kufungiwa moja baada ya nyingine, ilhali wanasayansi wa Afrika Kusini ndio waliotoa taarifa mapema kwa faida ya wote. Nilikasirika kwa niaba yao. Sisi hatukuwemo katika mafungu ya kwanza, nikaendelea kukunja nguo. Kisha wiki ya Krismasi likaja tangazo: kuanzia tarehe 25 Desemba Falme za Kiarabu, iliko Dubai, zinasitisha kupokea abiria kutoka Kenya, Tanzania, Ethiopia na Nigeria, hata wale wanaopita tu kuunganisha ndege. Safari yetu ilikuwa tarehe 27.

Mwanangu alikuwa ameshajaza begi lake mwenyewe. Nilimkalisha kitandani nikamweleza bila kuficha, kwamba hakuna aliyekosea nyumbani, hakuna aliyekosea uwanja wa ndege. Akauliza, "Bibi si amechanja?" Nilimwambia ndiyo, amechanja. Sikuwa na la kuongeza. Tukaenda Bagamoyo siku tatu, tukarudi.

Tiketi zilisogezwa bila faini. Hoteli ikafutwa. Viza zikafia mikononi, na hiyo ndiyo hasara yote. Jirani yangu mwenye duka, aliyekuwa amekata tiketi rahisi kwa familia ya watu watano, alihangaika na madai yake hadi nikaacha kumuuliza.

Falme za Kiarabu walitufungulia tena tarehe 29 Januari 2022, lakini kwa vipimo juu ya vipimo: cha hapa ndani ya saa 48, kingine uwanjani kabla ya kupanda, kingine ukishatua. Kwa mama na presha yake, na kwa mfuko wangu, nikaona tusikimbilie. Nikasubiri mwezi. Tarehe 26 Februari wakalegeza: aliyekamilisha chanjo inayotambuliwa na Shirika la Afya Duniani na mwenye cheti chenye msimbo wa QR hahitaji tena kipimo. Johnson & Johnson imo kwenye orodha. Nikaomba viza upya, nikapanga wiki ya pili ya Machi, kabla Expo haijafungwa tarehe 31 na kabla Ramadhani haijaingia. Mwalimu wa darasa wa mwanangu nilimwomba ruhusa ya siku tano, akatoa.

Hapo ndipo nilipokaa usiku na vyeti vyote mezani, nikivilinganisha na pasipoti herufi kwa herufi. Cha kwangu sawa. Cha mama, jina la mwisho lilikosa herufi moja, ile "i" ya mwisho. Kituoni waliandika kama lilivyosikika. Cheti cha karatasi kilikuwa hivyo, na ukipiga picha msimbo, simu inaleta hivyo hivyo. Herufi moja, na uwanja wa ndege ungeweza kutuambia huyu si yule.

Kesho yake nilikwenda kituoni na pasipoti yake na kitambulisho cha NIDA. Niliyemkuta akaniambia haiwezekani kubadilisha kilichoshaingia kwenye mfumo. Nilirudi keshokutwa nikamleta mama mwenyewe. Alivaa baibui lake la safari. Akamsalimia kijana wa kwenye kompyuta, akamwuliza alisoma wapi, akamwambia kwa upole, "Baba, jina langu nililiandika ubaoni miaka thelathini na mitatu. Naomba uniandikie vizuri." Kijana akampigia mtu simu, akaandika, akafuta, akaandika tena. Dakika arobaini. Printa ilipotoa karatasi, mama alivaa miwani akalisoma jina lake lote kabla ya kuichukua.

Uwanjani, Jengo la Tatu, dada wa kaunta aliikagua karatasi ile ile. Aliuweka msimbo mbele ya simu, akaangalia pasipoti, akarudi kwenye simu. Nilikuwa nimemshika mwanangu mkono hadi akalalamika namuumiza. Dada akatoa kadi tatu za kupandia ndege.

Kuhusu Dubai yenyewe nitasema machache, kwa kuwa kila mtu ameiona kwenye picha. Barakoa ilikuwa bado lazima ndani ya majengo, nje ilikuwa hiari. Langoni Expo waliangalia cheti tena kabla ya kitu chochote. Tiketi ya kawaida ya siku moja ilikuwa dirham 95, na niliyelipa ni mimi peke yangu, kwa sababu watoto na wenye miaka 60 na zaidi waliingia bure. Mama alipoambiwa haendi kulipa alimwuliza yule kijana mara mbili kama ana uhakika. Jioni tulikaa chini ya lile kuba la Al Wasl hapo hapo Expo, taa zikibadilika rangi juu yetu, mwanangu amelala mapajani kwa bibi yake. Mama alivua viatu. Alikaa saa nzima bila kuniuliza tunaondoka saa ngapi.

Usiku wa mwisho hotelini aliutoa ule mkoba wa Hija, akakikunja cheti kipya mara mbili akakiweka pamoja na kadi ya njano. Kisha akaniuliza kama Saudia wanakikubali hiki, kwa ajili ya Umra.

Nikamwambia wanakikubali. Kikoba kipya tulikianza Aprili.