Mfupa wa Nzuguni

Mwaka 2018, Dodoma ilipokuwa inachimbwa kila kona kwa sababu serikali ilikuwa inahamia, nilimsimamia shemeji ujenzi wa nyumba yake Nzuguni. Vibarua walikuwa kwenye shimo la choo. Udongo mwekundu uliisha, wakaingia tabaka jeupe la chokaa, na humo sururu ikagonga mfupa.

"Wa ng'ombe huo, mama, tuendelee," fundi alisema. Ugogoni ng'ombe wamefugwa enzi na enzi, kwa hiyo sikumlaumu. Lakini kipande kilichovunjika kilikuwa kizito kupita kiasi, na nilipokigonga kwa ukucha kililia kama kigae. Nikasimamisha kazi, nikampigia jirani anayefundisha jiolojia.

Alifika na bodaboda. Mfupa hakuugusa kwanza. Aliomba tepu, akapima kina kutoka juu, akapiga picha za ukuta wa shimo. Ndipo akachukua kile kipande, akakipangusa na kukigusisha ncha ya ulimi. Kikanasa. Akanieleza kwamba mfupa uliokaa sana ardhini hubaki na vitundu vitupu vinavyofyonza mate. Ila umri hakutaja, na nilimheshimu kwa hilo. Mawe haya ya vilima vya Dodoma, alisema, yana zaidi ya miaka bilioni 2, kabla hakujawa na mnyama mwenye mfupa. Chochote cha kutafuta kiko kwenye udongo uliokuja kuyafunika.

Kisha akanionyesha kwenye simu samaki wa Mahenge, Singida. Miaka kama milioni 46 iliyopita palikuwa na ziwa ndani ya kreta ya volkano, na matope yake yamehifadhi samaki wa ukoo wa sato, chura, hata popo. Niliziona mbavu zimejipanga ndani ya jiwe, nyembamba kuliko sindano. Singida, nchi ya alizeti na ukame! Shuleni tulikariri Zinjanthropus, fuvu la zamadamu lililopatikana Olduvai, 1959, na mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) ya Tendaguru, Lindi, ambayo mifupa yake ilipelekwa Berlin. Samaki hawa wa jirani zetu hatukutajiwa kabisa, na mpaka leo linaniuma.

Shemeji alipokuja alilalamika. "Shemeji, hawa nawalipa kwa siku!" Siku ile niliwalipa mimi, naye akakubali shimo lisogezwe. Jirani akaniambia mfupa uliong'olewa bila kuandikwa ulilala kina gani hausaidii tena kitu. Kwa hiyo fundi yeyote ninayempa kazi, kabla hatujapatana bei, namwambia: ukikuta mfupa usiung'oe, niite nije na tepu.