Siku moja maishani mwangu: mimi, maua ya harusi na konokono wa Bwiru

Saa 11 alfajiri

Adhana ya msikiti wa bondeni haijaisha, nishavaa gambuti. Tochi ya kichwani, glavu za kuoshea vyombo, ndoo ndogo yenye mfuniko. Mfuniko usiuone mdogo. Mwezi uliopita niliusahau, nikaenda kunywa chai, na niliporudi mateka wangu wote walikuwa ukingoni mwa ndoo wanashuka taratibu kama abiria wa meli.

Bustani yangu ipo Bwiru, hapa Mwanza, upande wa ziwani, ila nje ya zile mita 60 za ukingo wa ziwa ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda. Nusu ni mboga: chainizi, mchicha, saladi, figiri kidogo. Nusu ni miche ya maua kwenye viriba. Na katikati ya vyote hivyo, kama ilivyo Mwanza nzima, mawe. Liko moja kubwa kuliko chumba changu cha kulala, wageni wakija wanalipiga picha. Mimi najua kilichopo chini yake. Ubaridi, unyevu, na konokono wasio na nyumba, wamelala mchana kutwa wakisubiri mimi nikalale.

Kamusi inamwita koa. Huku kwetu sijasikia mtu akimwita hivyo. Awe na nyumba, awe mpangaji, wote ni konokono.

Namulika tuta la saladi, yuko mmoja juu ya jani. Mweusi, bapa, ngozi kama kiatu kilicholala mvuani, na mstari mwembamba wa rangi ya mchanga umepita katikati ya mgongo toka mwanzo hadi mwisho. Pembe mbili ndefu zina macho kwenye ncha, mbili fupi chini yake za kupapasia. Nikimgusa anazirudisha. Huyu hang'ati. Ana ulimi wenye meno madogo kwa maelfu, analikwangua jani kama mtu aliyekalia mbuzi ya nazi, na kwa usiku mmoja mche wa wiki mbili unabaki kijiti.

Leo nimeokota 41. Jumatatu walikuwa 96.

Nahesabu kwa sababu kuna harusi Jumamosi. Mama mmoja wa Kitangiri alilipia viriba 40 vya dalia na petunia vya kupamba uwanja, na gari lake linakuja kesho Ijumaa saa 3 asubuhi. Jumatatu niliamka nikakuta viriba 11 havina majani, udongo unang'aa kwa ute. Nimevijazia kwa miche yangu ya akiba. Akiba imeisha.

Saa 12 na nusu asubuhi

Kumepambazuka, sasa maji. Keni mbili, safari kumi na nne kutoka kwenye simtanki.

Zamani nilikuwa namwagilia jioni. Nilifundishwa hivyo, na kwa jua la huku unaona ni busara, maji yasipotee bure. Kumbe nilikuwa nawamwagilia barabara. Konokono asiye na gamba hana pa kujificha na ukavu, mwili wake wote ni maji na ute; udongo mkavu juu ni kama sisi kutembea peku kwenye kokoto. Ukimwagilia saa 12 jioni, usiku kucha tuta limelowa na yeye anateleza anapotaka. Ukimwagilia asubuhi, mizizi inakunywa, jua linakausha uso wa udongo, na usiku safari yake inakuwa ngumu.

Kosa la pili lilikuwa magugu maji. Yamejaa ufukweni, ya bure, nikasema hebu niyafanye matandazo. Nikayabeba kwa toroli siku nzima, nikayalaza mabichi unene wa kiganja kuzunguka kila mche, na majirani wakanisifu kwa ubunifu. Wiki tatu baadaye nikafunua. Chini yake konokono wakubwa kwa wadogo, na mayai yamelundikana kama shanga za maji zilizoshikana kwa ute. Nilikuwa nimewajengea nyumba ya wageni, tena karibu na mgahawa. Siku hizi magugu maji nayaozesha kwanza kwenye shimo la mboji mbali na matuta. Kwenye miche naweka pumba za mpunga, tabaka jembamba, nazo baada ya miche kukomaa.

Saa 2 asubuhi

Napeleka ndoo kwa mzee jirani mwenye bata. Tunasalimiana Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Umewaletea nyama?"

"Leo wachache, baba. 41."

"Basi watalala njaa hawa."

Bata anamla konokono kama mtu anayemeza kidonge: anamgeuza, anamchovya kwenye beseni la maji, kimya. Mzee amenishauri mara nyingi niwaachie bata waingie bustanini wafanye kazi wenyewe. Niliwaachia mara moja, mwezi wa 4. Kweli walikula konokono. Wakala na saladi yote, wakakanyaga trei mbili za miche ya nyanya, wakalala kwenye mchicha. Tangu siku ile chakula wanaletewa nyumbani kwao. Nikishavuna tuta likabaki tupu, hapo nawaita, wakae nalo siku mbili kabla sijapanda tena. Kuku nao hula, ila kuku atachimba hadi upate shimo la choo.

Saa 3 hadi saa 5

Biashara barabarani. Meza, mboga kwenye beseni, viriba chini.

Mteja wa kwanza anainua fungu la chainizi. "Mboga yako ina matundu, dada." Namwambia matundu hayo ndiyo cheti kwamba sikupuliza sumu. Anacheka, anachukua mafungu mawili, anataka bei ya fungu moja na nusu. Sawa.

Wa pili ni kijana mwenye bustani Igombe, amekuja na mche wake kwenye mfuko, umekatika. Anataka kujua kama ni konokono. Kwa hili nina muda hata kama meza imejaa watu, maana wengi wanapiga vita na adui asiye wake. Shina limekatwa sawasawa na udongo na kichwa cha mche kimelala pembeni? Huyo ni sota, kiwavi wa udongoni. Fukua hapohapo kwa kidole, utamkuta amejikunja kama herufi C. Jani lina matundu na juu yake vinyesi vidogo vyeusi? Kiwavi. Matundu yasiyo na mpangilio, kingo zimekwanguliwa, na asubuhi kuna mistari inayong'aa kama gundi iliyokauka? Ndiye wangu. Mche wa kijana ulikuwa wa sota. Alikuwa ameshamaliza pakiti nzima ya chumvi.

Na chumvi, jamani, acheni. Inamuua konokono, ndiyo, kisha inabaki kwenye udongo na mboga yenyewe inanyauka.

Mama mwingine aliyekuwa anasikiliza akauliza kama konokono wangu wanaleta kichocho, eti ndiyo maana haruhusu watoto wake kucheza bustanini. Swali hili sitachoka kulijibu, kwa sababu kichocho huku ziwani tunakijua sana. Konokono wa kichocho anaishi majini, kwenye majani ya ufukweni, ana nyumba, na mtu anaambukizwa akigusa maji yale, akifua au akioga. Wa kwenye tuta hana kesi hiyo. Ila wa nchi kavu naye anaweza kubeba minyoo yake mingine, ndiyo maana navaa glavu, na saladi tunaiosha jani kwa jani, mbele na nyuma.

Saa 6 mchana

Duka la pembejeo, kununua mbegu tu. Sitalitaja. Mwaka jana niliuziwa pale chupa ya dawa ya viwavi kwa maelezo kwamba "inaua kila kitu". Nikapuliza mara tatu. Viwavi walikufa, nyuki wakapungua, konokono wakaendelea kula kwenye jani lililopulizwa. Baadaye bwana shamba akanieleza kwa sentensi moja ambayo muuzaji angeweza kunipa bure: konokono si mdudu, ni ukoo mmoja na pweza, na dawa nyingi za wadudu hazimpati.

Zipo punje maalumu za konokono. Zile zenye metaldehaidi sizitaki, mbwa wangu anaokota kila kitu na bata wa mzee wanapita. Uingereza walizipiga marufuku kutumika nje mwaka 2022. Za fosfati ya chuma hazina hatari kubwa kiasi hicho kwa mifugo. Leo nimeuliza kama wanazo. Muuzaji akaniletea ile chupa ya mwaka jana.

Saa 8

Jua. Hakuna mtu wala konokono anayefanya kazi saa hii. Ugali, dagaa, usingizi wa nusu saa.

Saa 10 jioni

Mitego. Kwanza napita grosari ya njia panda, kuna dada ananiwekea bia zilizobaki kwenye glasi za wateja. Mwanzoni alidhani nakunywa, akawa ananitazama kwa huruma. Namimina kwenye makopo ya maziwa niliyoyazika kati ya matuta, mdomo wa kopo ukiwa umeinuka kidogo juu ya udongo, maana ukiusawazisha na ardhi unazamisha na wadudu wema wanaotusaidia. Bia ikikosekana, hamira, sukari kijiko na maji ya uvuguvugu vinafanya kazi ileile. Wanachofuata ni harufu ya kuchachuka.

Kisha maganda ya tikiti kutoka kwa muuza juisi, nayafunika chini, na gunia lililolowa kando ya lile jiwe kubwa. Alfajiri nikiinua gunia nakuta kikao kizima. Huu ndio mtego ninaouamini kuliko yote, na haugharimu kitu.

Jivu la mkaa nanyunyiza duara kuzunguka viriba vya harusi. Likiwa kavu linawazuia, likilowa ni uji tu. Maganda ya mayai niliacha. Nilipoteza miezi nikiyakusanya kwa mama ntilie, nayasaga, nayamwaga, na asubuhi naona njia ya ute imepita juu yake bila hata kukunja kona. Mwaka 2018 chama cha bustani cha Uingereza, Royal Horticultural Society, kilijaribu maganda ya mayai, utepe wa shaba na vizuizi vingine vitatu kwenye saladi. Havikuonyesha tofauti. Nilifurahi kusoma hivyo, nikajiona si mzembe.

Mawingu yanajikusanya upande wa ziwa.

Saa 12 jioni

Manyunyu. Jivu langu limeisha kazi.

Mimi na kijana wangu tunavibeba viriba vyote 40 hadi barazani, juu ya meza mbili ndefu. Miguu ya meza nimeisimamisha kwenye makopo ya maji. Kijana ananiambia, "Mama, sasa hapa wataruka?" Tunacheka, tunafunga.

Saa 3 usiku

Mvua imekata. Natoka na tochi, mzunguko wa mwisho. Kwenye saladi 12, kwenye makopo ya bia 7, chura mmoja mnene amekaa kando ya gunia na namwachia nafasi yake, anakula bila kunidai. Moyo umetulia. Napita barazani nizitazame dalia kabla sijalala.

Kwenye kiriba cha tatu jani moja lina kidirisha. Juu ya udongo hakuna kitu. Nakiinua, nakigeuza: kwenye tundu la chini la kutolea maji, wawili, wadogo kama punje za mchele, wamebanana. Hawakupanda meza. Tumewabeba wenyewe.

Nakivuta kiti, naweka ndoo miguuni, nachukua kiriba cha nne. Ndani wananiita chakula kinapoa. Nimebakiza 36.